Muuguzi Mpya wa Karatu na Ngorongoro: Anza na Wasiokuja

Umeripoti kituoni, umekabidhiwa funguo za stoo na jokofu la chanjo. Asubuhi ya kwanza benchi limejaa: mama mwenye mtoto anayeharisha, mzee wa kikohozi, wasichana wawili waliofuata sindano ya uzazi wa mpango. Namna ya kuwahudumia hao umefundishwa chuoni na utaiweza. Mwongozo huu unahusu kazi isiyopiga hodi, yaani afya ya wale ambao benchini hawapo.

Wodini mgonjwa ana kitanda na jalada. Katika afya ya jamii mgonjwa wako ni kijiji kizima, wazima kwa wagonjwa, na huenda nusu yake hujaitia machoni. Mwaka 1893 muuguzi Lillian Wald wa New York aliona hivyo alipohamia mtaa wa wahamiaji maskini na kuanza kuwafuata watu vyumbani mwao badala ya kuwangoja. Kwetu tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Walisikiliza somo, wakajadiliana nani amechimba choo na nani bado, kisha wakatoka na majembe. Hawakuhubiriwa tu. Miaka mitano baadaye mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza afya ya msingi kuwa njia ya kuifikia afya kwa wote, na mengi yaliyosemwa kule wanavijiji wa Tanzania walikuwa wameshayajaribu.

Kanuni za kazi hii utazikuta kwenye kila kitabu cha uuguzi: kinga kabla ya tiba, usawa, ushirikishwaji, siri ya mteja, mwendelezo wa huduma. Ni kweli zote. Ila hazikwambii uanzie wapi Jumatatu asubuhi.

Hesabu ya kwanza

Anza na kalamu. Muulize mtendaji wa kijiji idadi ya watu anaowahudumia, halafu chukua kwamba kati ya kila watu 100, watoto wa chini ya mwaka mmoja ni kama 3 au 4. Kijiji cha watu 3,000 kinapaswa kukuletea watoto wachanga kati ya 90 na 120 kwa mwaka, yaani kama wanane hadi kumi kila mwezi. Sasa fungua rejesta ya watoto. Ukikuta mwezi uliopita watano ndio waliopata chanjo ya wiki ya 6, basi watatu au zaidi wako mahali fulani na wewe huwajui. Rejesta ya zahanati ni orodha ya waliokuja. Peke yake haiwezi kukuonyesha aliyekosekana.

Hesabu ya pili ni ya waliokuja kisha wakaacha. Linganisha waliopata chanjo ya wiki ya 6 na waliofika surua-rubella ya miezi 9, kisha ile ya miezi 18. Pengo likiwa kubwa, usikimbilie kusema akina mama hawana elimu. Aliyemleta mtoto mara tatu alishaamini chanjo. Kilichomrudisha nyuma ni kingine: alikuja akaambiwa watoto ni wachache hivyo kichupa hakifunguliwi, alitukanwa kwa kupoteza kadi, familia ilihama na mifugo, au ilikuwa zamu yake ya maji ya kumwagilia.

Kuhusu kichupa nisisitize. Cha surua-rubella kina dozi 10 na kikishachanganywa hakivuki saa 6, ndiyo maana wauguzi wengi hugoma kukifungua kwa mtoto mmoja. Hilo ni kosa. Mama aliyetembea kutoka asubuhi na kurudishwa mikono mitupu anaweza asirudi tena, na virusi vya surua havingoji watoto wafike kumi. Fungua, andika dozi zilizomwagwa, toa taarifa kwa mratibu wa chanjo wa wilaya. Dozi tisa zilizomwagwa zina nafuu kuliko mlipuko mmoja.

Uijue ardhi yako

Karatu si sehemu moja. Rhotia na Mbulumbulu ni miinuko ya wakulima, wengi wao Wairaqw. Nyumba zina anwani inayojulikana, na mtu akikosa kliniki jirani anajua alikokwenda. Karatu mjini ni mji wa barabarani, wenye magari ya watalii, hoteli na vijana waliotoka mikoa mingine kutafuta kazi. Ukiteremka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, hali inabadilika kabisa. Chemchemi zinamwagilia mashamba ya vitunguu, na msimu ukifika vibarua hujaa kambini. Malaria iko juu kuliko miinukoni, vyoo vya kambi ni vichache, na maji ya mfereji uleule ndiyo ya shamba, ya kufulia na wakati mwingine ya kunywa. Kibarua wa vitunguu hayumo kwenye daftari la mtendaji wala hana mjumbe wa kumsemea. Mtafute kambini jioni, baada ya kazi.

Jirani na hao wako Wadatoga na ng'ombe wao (waite hivyo, au Wabarbaig, si jina la dharau wanalopewa barabarani) na Wahadzabe, ambao ni watu wapatao elfu moja na ushee wanaozunguka Bonde la Eyasi. Kambi ya Wahadzabe unaweza kuikuta mwezi huu na mwezi ujao ukakuta majivu. Wengi husema haiwezekani kuwafuata. Lakini magari ya wageni wa kupiga picha huwafikia karibu kila alfajiri, na waongozaji wa Mang'ola wanajua nani yuko wapi. Waulize hao hao.

Ukipandisha kuvuka lango la Loduare unaingia Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ahadi ya wanyamapori na wafugaji kuishi pamoja. Nainokanoka ni baridi na ukungu. Olbalbal ni tambarare kavu. Kakesio ni mbali, na mvua zikikolea barabara hukatika. Wamaasai wa maeneo haya huhama na malisho, kwa hiyo kalenda yako ya huduma za mkoba ikipangwa kwa tarehe za ofisini tu, utafika kwenye boma lililobaki wazee na mbuzi. Kaskazini zaidi, upande wa Loliondo na Sale, utawakuta pia Wasonjo, ambao ni wakulima wa vijiji vilivyokaa pamoja.

Kabla ya kupanga chochote, chora ramani yako kwenye karatasi kubwa: vitongoji, vyanzo vya maji, shule, minada, mahali mtandao wa simu unapopatikana, njia zinazofungwa na mvua. Mnada uandike kwa wino mzito. Siku ya mnada wafugaji wanakuja wenyewe, na meza yenye mizani na kikasha cha chanjo kando ya mnada inaweza kukutanisha nawe watu ambao ungewafuata kwa siku kadhaa bila kuwapata.

Kilichotokea Samunge

Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, aliifanya Samunge, kijiji cha wilaya ya Ngorongoro, ijulikane Afrika Mashariki yote. Kikombe kimoja cha dawa ya mizizi, shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wengine walifia njiani, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona. Mwasapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alifariki mwaka 2021, na watu wa afya bado huisimulia habari ile kwa kucheka au kwa hasira.

Wewe itumie kujifunza. Bei ilijulikana kabla ya safari na ilikuwa moja kwa tajiri na maskini. Aliyewatibu alikuwa mzee mwenye heshima aliyeikabidhi kazi yake kwa Mungu. Dawa haikufanya waliyoyatumaini, lakini njaa iliyowapeleka watu kule ilikuwa ya kweli, nayo ni njaa ya kusikilizwa bila kudharauliwa na bila gharama za kushtukiza. Uliza kituo chako kinatoa hayo kwa kiasi gani. Na mgonjwa akikwambia anatumia mitishamba, usimkemee. Mkemee leo, na kesho atakuficha. Mwambie tu kwamba dawa za kufubaza, za kifua kikuu, za kisukari na za shinikizo la damu hazisimamishwi kwa sababu ya kikombe chochote, na umuulize anakunywa nini ili ujue.

Siku ya mkoba

Huduma za mkoba ndizo moyo wa kazi hii huku, na zikiharibika huharibikia kwenye mambo madogo. Anza na barafu. Vipande vilivyotoka kwenye friza moja kwa moja vinaweza kugandisha chanjo, na chanjo kadhaa, kama pentavalenti, ya nimonia, ya pepopunda na ya HPV, zikiganda zimekufa hata kama zinaonekana nzima. Viache nje mpaka ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uvipange kwenye kikasha. Ukiwa na shaka na kichupa, chukua kingine cha aina ileile na kundi lilelile ambacho umekigandisha makusudi na kukiyeyusha, tikisa vyote viwili, viweke mezani. Kinachotuama upesi sawa na kile cha makusudi usikitumie. Huku juu ya kreta ya Ngorongoro, ambako asubuhi vidole hufa ganzi, baridi inaua chanjo kimyakimya wakati sisi tunailinda dhidi ya jua.

Kwa joto kuna alama ya duara yenye mraba ndani iliyobandikwa kwenye kichupa. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Rangi zikilingana, au mraba ukizidi weusi, weka kando.

Ukifika, usianze na sindano. Salimia wazee, taja umetumwa na nani, sema utakaa mpaka saa ngapi, na saa hiyo uitimize. Umaasaini mama akisalimiwa "takwenya" ataitika "iko", na salamu hiyo moja ikitamkwa vibaya bado inafungua mlango kuliko Kiswahili safi cha amri. Watoto watakuinamishia kichwa. Weka kiganja juu ya utosi, usiwape mkono wa kizungu. Kama huijui lugha, mkalimani asiwe mume wa mteja wala mtoto wake. Mwambie mama kila chanjo inakinga nini, homa kidogo jioni ni kawaida, na arudi lini. Mambo hayo matatu yanatosha. Ukimwambia kumi atakumbuka homa tu.

Upime kila mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kwa utepe wa mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali, na safari ya kituoni ni leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Wafundishe akina mama wenyewe kuvuta utepe huo. Watapima watoto wa boma zima ukiwa umeshaondoka.

Sindano zote zilizotumika zirudi nawe ndani ya kisanduku cha usalama, kikifungwa kabla hakijajaa hadi juu. Na katika kuandika, usitegemee jina la mtoto pekee, maana kwa wafugaji mtoto anaweza kukaa miezi kabla ya kupewa jina. Andika jina la mama, boma la nani, kitongoji gani, simu ya mtu anayepatikana. Ukikuta kadi imepotea, toa nyingine bila faini na bila masimango. Nyumba za udongo na mvua za masika hazipatani na karatasi.

Kuna kundi moja linasahaulika kirahisi: wasichana wasioko shuleni. Chanjo ya HPV, ambayo tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, hutolewa sana madarasani. Msichana anayechunga au aliyeozwa hayumo kwenye orodha ya mwalimu. Msake kwenye boma.

Ndani ya nyumba

Ukikaribishwa ndani ya nyumba ya Kimaasai, kaa chini kwanza na uache macho yazoee giza. Moshi utakueleza habari ya vifua vya watoto kabla hujauliza. Mtoto akikohoa, mvue shuka, tazama kifua kikipanda na kushuka, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, chukulia ni nimonia na uanze tiba. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, huyo ni wa rufaa. Ndipo useme juu ya moshi. Usishauri nyumba ibomolewe; uliza kama tundu la kutokea moshi linaweza kuongezwa na kama mtoto anaweza kulala mbali na moto.

Tazama macho. Trakoma bado inasumbua Ngorongoro, na nzi kwenye uso wenye matongo ndio wabebaji wake. Kope za bibi zilizogeukia ndani zikikwaruza mboni ni mwisho wa safari iliyoanza akiwa kama mjukuu wake. Dawa hugawiwa kwa kampeni, na kope zilizogeuka zina upasuaji mdogo. Mwandikishe bibi huyo. Lakini uso wa mtoto uoshe wewe na mama yake, leo. Watasema maji hayapo. Chukua kikombe kimoja, wanawishe watoto watatu mbele yao, na maji yaliyobaki yaonyeshe. Kisha tengenezeni kibuyu chirizi kwa dumu la lita 5, kamba na kijiti.

Choo ni habari ngumu zaidi, na hapa wataalamu wengi wamechemka. Wanakuja na mchoro wa choo kimoja kwa boma, kinachimbwa, kinabaki kipya mwaka mzima. Sababu hawakuiuliza: kwa Wamaasai mkwe hachangii choo na mkwewe. Vyoo viwili vinavyotumika ni bora kuliko kimoja cha kupigia picha ya ripoti.

Maziwa na mzoga

Mfugaji anaugua pamoja na mifugo yake, kwa hiyo afisa mifugo ni mwenzako kikazi kama alivyo mganga mfawidhi. Homa inayokuja na kuondoka, viungo vikiuma, kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi: fikiria brusela, hata kama kipimo cha malaria kimetoka hasi mara ya tatu na watu wanataka dawa ya malaria tu. Kidonda chenye gamba jeusi, kimevimba pembeni lakini hakiumi sana, kwa mtu aliyechuna ng'ombe aliyekufa ghafla: hicho ni kimeta mpaka ithibitike vinginevyo. Anza tiba, toa taarifa siku hiyohiyo wilayani, na mzoga usiguswe. Kuwaambia watu wazike ng'ombe mzima wakati wa kiangazi na njaa ni kuwaomba jambo zito. Nenda na laigwanani, kiongozi wa mila wa Wamaasai, naye aseme.

Aliyeng'atwa na mbwa, mwoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Halafu chanjo, bila kusubiri mbwa afe. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu hakuna cha kufanya. Kabla hujamwandikia rufaa, piga simu uhakikishe chanjo ipo huko anakokwenda.

Mama na usiku

Wapo wanawake wa kifugaji wanaopunguza kula mimba ikikua, wakitaka mtoto mdogo atakayepita kwa urahisi. Kabla ya kucheka, kumbuka kwamba anayejifungulia kilomita nyingi kutoka chumba cha upasuaji ana sababu ya kuogopa mtoto mkubwa. Akiona njia ya kufika hospitali ipo, ndipo neno lako juu ya chakula litaingia.

Kwa hiyo kila mjamzito awe na mpango ulioandikwa kwenye kadi na kusemwa mbele ya mume au mama mkwe: ataondoka lini, atalala kwa nani, nani atachangia damu, nani atabaki na watoto. Namba 115 ya m-mama ni ya bure na huleta gari kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini. Ihifadhi kwenye simu ya kila mwenyekiti wa kitongoji, na penye mtandao hafifu mkubaliane kilima gani kijana atapanda kupiga. Jua rufaa zako kwa majina: Endulen ndani ya hifadhi, Wasso upande wa Loliondo, Hospitali ya Kilutheri na FAME kwa Karatu. Anayeishi mbali, na kujifungua kwake kumekaribia, bora ahamie karibu na hospitali mapema kuliko kukimbizwa usiku.

Mkunga wa jadi usimfukuze. Mpe kazi ya kumsindikiza mama, na umkaribishe ndani ya leba akishafika. Ukimwaibisha mlangoni, wa pili hatakuletea. Suala la ukeketaji nalo litajitokeza, mara nyingi leba, kwa kovu unaloliona wewe peke yako. Sheria imekataza kumkeketa mtoto tangu 1998, na siku hizi baadhi ya familia hufanya kwa watoto wachanga ili kukwepa macho. Mtoto akiwa hatarini, namba ni 116. Lakini usiingoje hatari: zungumza na baba wakati wa kliniki ya ujauzito, kabla haijajulikana ni wa kike au wa kiume.

Mdomo, daftari na mkutano

Kwenye kijiji kidogo siri haivuji kwa makusudi, inavuja kwa mazoea. Ukimtembelea mtu nyumbani na gari lenye nembo ya UKIMWI umeshatangaza. Ukimwachia mhudumu wa afya ngazi ya jamii orodha ya walioacha dawa, hakikisha ina namba, si majina. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakufunga mdomo, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kukuita. Mwenye VVU anayetaka kuchukua dawa wilaya nyingine kwa sababu shangazi yake anafanya usafi kituoni kwako ana haki hiyo. Msaidie kuhama.

Wahudumu hao wa jamii ndio miguu yako. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024 umelenga kuwafunza zaidi ya laki moja na thelathini nchi nzima. Wasimamie: kaa nao kila mwezi, soma madaftari yao, nenda nao nyumba mbili tatu. Mhudumu asiyetembelewa anaanza kujaza fomu akiwa kwake. Afisa afya ashike ukaguzi wa maji, vyoo na migahawa. Kamati ya zahanati ishike fedha na malalamiko. Wewe ndiye unayewaunganisha.

MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, unajazwa na kutumwa wilayani, na hapo wengi huishia. Chora grafu ya chanjo na ya waliojifungulia kituoni, ibandike ukutani, kisha uipeleke mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu. Usisome asilimia. Sema: "Kitongoji hiki mwaka huu watoto 14 hawajamaliza chanjo." Kisha nyamaza, uache wenyewe waulizane.

Huko kwenye mkutano, hasa ndani ya hifadhi, utasikia habari ya wakazi wa hifadhi kuhamia Msomera, Handeni, iliyoanza mwaka 2022. Watu wana msimamo mkali pande zote, nao watakuuliza wako. Kazi yako si kumshawishi mtu ahame au abaki, na huduma ya afya isiwe fimbo wala chambo mkononi mwako. Aliyepo leo anachanjwa leo. Anayehama aondoke na kadi ya mtoto, dawa za kumtosha njiani na barua ya kwenda kituo kipya. Dawa zikipungua au gari likiondolewa, andika tarehe, kiasi, na nani aliyerudi bila huduma, upeleke kwa mganga mkuu wa wilaya na ubaki na nakala. Utetezi wa muuguzi ni wa aina hiyo. Kelele zina wenyewe.

Kuhusu wewe mwenyewe nitasema kidogo. Vaa buti na beba sweta. Usipande pikipiki usiku kwenye njia za tembo na nyati kwa sababu ya ripoti. Tafuta muuguzi wa kituo jirani muwe mnapigiana simu, maana upweke wa kituo cha muuguzi mmoja umewaondoa wengi wazuri kuliko mshahara.

Wiki yako ya kwanza ikiisha, mwombe kila mwenyekiti wa kitongoji akuandikie watoto wote waliozaliwa tangu Januari, waliozaliwa nyumbani na waliozaliwa kituoni. Kaa na orodha hiyo na rejesta yako mezani, weka alama kwa kila jina unalolikuta kote kuwili. Yatakayobaki bila alama ndiyo ratiba yako ya mwezi ujao.